Steringi haonyeshwi sura: kwa aliyetoka kapa kwenye Salvatore Giuliano

Swali: "Shikamoo mwalimu. Wikendi nimeangalia zile filamu mbili za zamani ulizosema ziangaliwe pamoja, Judgment at Nuremberg na ile ya Kiitaliano, Salvatore Giuliano. Ya kwanza nimeielewa na nimeipenda sana. Ya pili nimetoka kapa. Jambazi mwenyewe hata sura yake sikuiona vizuri, picha inaruka mbele inarudi nyuma, na mpaka inaisha sijajua nani aliwatuma wale jamaa wakawapige risasi wakulima. Ni mimi sijaelewa au filamu ndo mbovu? Na ina ukweli kiasi gani?"

Marahaba mdogo wangu. Nikutoe wasiwasi kwanza, hujatoka kapa hata kidogo, manake hilo swali lako la nani aliwatuma ndo filamu yenyewe. Francesco Rosi aliitengeneza ili mtu atoke anauliza hivyohivyo. Kinachokusumbua ni kwamba sisi tumekulia kwenye vibanda umiza, tumezoea picha ina steringi na ina adui, steringi hafi mpaka mwisho, adui tunamjua tangu dakika ya kumi, tunakaa tunasubiri kipigo. Hapa steringi ameshakufa kabla hujakaa sawa kwenye kiti.

Kumbuka inavyoanza. Ua wa nyumba, jua kali, mtu kalala kifudifudi amevaa fulana ya ndani, silaha ziko pembeni yake, na ofisa anasoma maelezo ya maiti kwa sauti kavu kabisa kama karani anayehesabu vyombo vya mnada, kavaa hiki, kalala hivi, ana umri wa kama hivi. Waandishi wa habari wananyoosha shingo wapate picha. Hapo ni Castelvetrano, kisiwani Sicily, tarehe 5 Julai 1950, na marehemu ni Giuliano mwenyewe, kijana wa miaka 27. Ukishaona maiti unategemea picha irudi nyuma ikuonyeshe utoto wake, alivyoonewa, mchumba wake, alivyoingia porini. Rosi hakupi. Kila Giuliano anapotokea yuko mbali, au kageuka, koti jeupe la mvua linakatiza mlimani basi. Mwaka fulani nilikuwa naionyesha kwa wanafunzi, binti mmoja akanyoosha mkono katikati ya picha, akasema samahani mwalimu, adui ni yupi? Darasa likacheka. Mi sikucheka, nikamwambia liandike hilo swali kwenye daftari tutalirudia.

Sababu yake naiona hivi. Ukimpa mtazamaji sura ya jambazi, macho yake, uchungu wake, anaanza kumpenda au kumchukia, na akishampenda au kumchukia hana muda tena wa kuuliza jamaa alikuwa anamfanyia kazi nani. Rosi kamtoa mtu katikati ya picha ili uone waliomzunguka, askari, wanasiasa waliotaka Sicily ijitenge na Italia, mabwana wa mafia, mawaziri wasiotokea hata mara moja ila kivuli chao kipo. Kuna Mmarekani Michael Cimino alikuja kuitengeneza upya hadithi ya Giuliano mwaka 1987, The Sicilian, akampa Christopher Lambert awe steringi kamili, uso umejaa skrini, mzuri, anawapenda masikini. Iangalie ukipata muda. Ukimaliza hutauliza nani aliwatuma, utauliza tu kwanini wamemuua kijana wa watu.

Sasa historia, bila hiyo utapotea kila mara.

Julai 1943 Wamarekani na Waingereza wanatua Sicily, Mussolini anaondolewa, kuna njaa, chakula ni cha mgao na ngano inatakiwa ipite kwenye maghala ya serikali, kwa hiyo watu wanafanya magendo, nani asingefanya. Giuliano anatoka Montelepre, mji wa mlimani sio mbali na Palermo. Tarehe 2 Septemba 1943 anakamatwa kwenye kizuizi ana farasi na magunia mawili ya ngano, anajaribu kutoroka, zinarushwa risasi, yeye anajeruhiwa, askari mmoja anakufa. Magunia mawili bana. Kuanzia hapo yuko milimani, anakusanya vijana, wanateka watu, wanadai fedha. Mwaka 1945 wale wanasiasa waliotaka Sicily ijitenge na Italia wanamfuata hukohuko porini wanampa cheo cha kanali kwenye jeshi lao la siri, EVIS, awapigie vita. Kwenye filamu hicho kipande kipo, watu wamevaa vizuri wanakuja kuongea na wakulima wenye bunduki. Mwaka uliofuata Sicily ikapewa mamlaka yake ya ndani, wanasiasa wakasamehewa wakarudi kwenye suti zao, wengine bungeni kabisa, na kanali wao wakamwacha mlimani.

Halafu shika hapa, ndo moyo wa filamu. Tarehe 20 Aprili 1947 Sicily ikapiga kura ya bunge lake kwa mara ya kwanza, na waliotoka wa kwanza ni muungano wa wakomunisti na wasoshalisti, viti 29 kati ya 90. Wakulima walikuwa wameshaanza kuingia kwenye mashamba ya mabwanyenye yaliyokaa bila kulimwa, sasa huo ushindi ukawaongezea nguvu. Siku kumi na moja baadaye, Mei Mosi, watu wa Piana degli Albanesi, San Giuseppe Jato na San Cipirello wakapanda mpaka uwanda wa Portella della Ginestra kusherehekea, na nyumbu wao, watoto, mabendera, vyakula, familia nzimanzima. Msemaji wa kwanza, fundi viatu, akasimama juu ya jiwe akaanza hotuba. Ikasikika ta-ta-ta-ta. Wengi walidhani ni fataki za sherehe. Zilikuwa risasi za rashasha zinatoka mlimani. Watu 11 wakafa, watoto wakiwemo, 27 wakajeruhiwa, na nyumbu nao wamelala.

Rudia kuangalia Rosi alivyokipiga hicho kipande. Hakupandishi mlimani ukae na Giuliano anavyolenga, anakuacha chini na wananchi, unasikia mlio halafu unaona watu wanaanguka na wewe hujui unapigwa kutoka wapi. Amekwenda kupiga picha palepale Portella, na waigizaji ni wenyeji, baadhi yao walikuwepo siku yenyewe miaka kumi na nne nyuma. Ndo maana wanavyokimbia haionekani kama maigizo. Kwenye filamu nzima waigizaji wa kulipwa wanaofahamika ni wawili, Frank Wolff aliyecheza Pisciotta, mtu wa karibu wa Giuliano tutakayemfikia mbele, na Salvo Randone aliyecheza jaji, waliobaki wengi ni watu wa huko.

Kesho yake, Mei 2, waziri wa mambo ya ndani Mario Scelba akasimama bungeni Roma akasema hilo tukio sio la kisiasa. Kabla mwezi haujaisha, wakomunisti na wasoshalisti wakawa nje ya serikali ya Italia. Mi sisemi hili limezaa lile. Naziweka tarehe karibukaribu tu, na Rosi naye anafanya hivyohivyo, anaweka jambo hili pembeni ya lile halafu ananyamaza, na ndo maana picha yake inaruka mbele na nyuma, hafuati kalenda, anafuata maswali.

Miaka iliyofuata ni kichekesho ila cha kuliza. Serikali inamwaga askari Montelepre, wanaume wanasombwa wote (ndo pale wanawake wanapotimka barabarani wanapiga kelele kuwafuata, kipande ambacho mi kila nikikiona nywele zinasimama), Agosti 1949 linaundwa jeshi maalumu la kukomesha ujambazi chini ya Kanali Ugo Luca, na jamaa hapatikani. Hapatikani kwa askari tu lakini. Waandishi wa jarida la Oggi Desemba 1949 walimpata, wakakaa naye, wakampiga na picha. Ciro Verdiani, mkubwa wa polisi kwenye kazi ya kumsaka, naye alikutana naye wakala keki ya Krismasi pamoja, habari ikaja kumwagika mahakamani. Sasa wewe niambie hapo nani anamtafuta nani.

Kesi ya Portella ikafunguliwa tarehe 12 Juni 1950, wakaitoa Palermo wakaipeleka Viterbo, mji wa kaskazini ya Roma. Mshtakiwa namba moja bado yuko porini, yuko hai, na ana mdomo. Wiki tatu baadaye ni ile maiti ya uani. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba vijana wa Kapteni Antonio Perenze wamepambana naye usiku wakamuua. Mwandishi mmoja, Tommaso Besozzi wa jarida la L'Europeo, akaenda Castelvetrano akahoji majirani, akaiangalia na ile damu kwenye fulana, akaona haiendani na mtu aliyeanguka vile, akaandika makala ambayo kichwa chake Waitaliano wanakikumbuka mpaka leo, kwamba la uhakika ni moja tu, amekufa. Na hata hilo moja watu walikuja kulitilia shaka, mwaka 2010 wakafukua kaburi wapime.

Aliyekuja kupasua jipu ni Gaspare Pisciotta, mtu wa karibu kabisa wa Giuliano, wanamwita binamu yake. Alikuwa anatembea na pasi iliyosainiwa na Kanali Luca mwenyewe huku anatafutwa. Alipofikishwa kizimbani Viterbo akasema nimemuua mimi Giuliano, usingizini, kwa makubaliano na waziri Scelba, akataja na majina ya wanasiasa anaodai ndo waliotuma kazi ya Portella. Waliotajwa walikanusha wote. Kuna sentensi yake moja ukiisikia huisahau, sisi ni mwili mmoja, majambazi, polisi na mafia, kama Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mahakama ikamsikiliza, ikaandika, na tarehe 3 Mei 1952 ikatoa hukumu, vifungo vya maisha 12, yeye mwenyewe akiwemo. Waliotuma? Hakuna aliyehukumiwa kwa kutuma. Wafyatuaji walijituma wenyewe inaelekea. Pisciotta akaendelea kusema ana mengi ya kueleza, na tarehe 9 Februari 1954, ndani ya gereza la Ucciardone Palermo, akafa kwa sumu, strychnine. Waswahili wanasema funika kombe mwanaharamu apite, hapa kombe lilifunikwa mara mbili, uani na gerezani.

Kwa hiyo swali lako, nani aliwatuma: hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani mtu kwa kutuma, na Rosi amekataa kukupa jibu ambalo mahakama haikulitoa. Angeweza kabisa kumwandikia mtu fulani kipande kimoja, kigogo kakaa ofisini na sigara anatoa amri, tungepiga makofi twende nyumbani. Hakufanya, na mi naamini ndo heshima kubwa ya ile filamu, hasemi kitu ambacho hana karatasi yake. Alikaa na majalada ya kesi, na ukisikiliza mahakama ya kwenye filamu unasikia watu wanavyobishana kweli, sio hotuba za waigizaji.

Ndo maana nilikwambia uziangalie zote mbili. Judgment at Nuremberg ya Stanley Kramer ni ya mwaka 1961, ya Rosi 1962, zimepishana miezi michache, na zote zinahukumu mambo ya miaka ya arobaini, lakini zimeshika njia tofauti kabisa. Kramer kabadilisha majina halafu kakupa hukumu wazi. Kesi yake imetokana na kesi ya kweli ya mwaka 1947, kuanzia Machi mpaka Desemba, Wamarekani waliposhtaki majaji, waendesha mashtaka na maofisa wa wizara ya sheria ya Hitler, washtakiwa 16. Hao hawakuua mtu kwa mkono wao, waliua kwa mihuri. Kuna maneno kwenye ile hukumu ya kweli, kwamba jambia la muuaji lilifichwa chini ya joho la mwanasheria. Wanne walipata kifungo cha maisha, wanne wakaachiwa huru.

Yule mama aliyechezwa na Judy Garland, anayelia kizimbani kuhusu mzee wa Kiyahudi, ametokana na mtu kweli. Mzee alikuwa Leo Katzenberger, mfanyabiashara wa viatu wa Nuremberg, ana miaka karibu 70, wakamshtaki eti ana mahusiano na binti mpangaji wake, Irene Seiler, kinyume na sheria za damu za Wanazi zilizokataza Myahudi na Mjerumani kuwa na mahusiano. Ushahidi hakuna. Jaji Oswald Rothaug akamkatia hukumu ya kifo, akauawa Juni 1942, na binti akafungwa miaka miwili eti kaapa uongo, kosa lake ni kukataa kusema walichotaka. Rothaug alipata kifungo cha maisha kwenye kesi ya 1947. Desemba 1956 alikuwa mtaani.

Na hapo ndo zile filamu mbili zinapokutana, kama hukukimbilia kuzima. Maandishi ya mwisho ya Judgment at Nuremberg yanakwambia watu 99 walihukumiwa vifungo kwenye kesi zile za ukanda wa Ujerumani uliokuwa chini ya Wamarekani na hakuna hata mmoja ambaye bado yuko ndani. Dakika zaidi ya 170 unamsikiliza Spencer Tracy, jaji wa kwenye filamu, anatoa haki kwa sauti nzito, halafu mstari mmoja wa maandishi unaichukua yote. Kramer alikuwa na hasira ileile ya Rosi, yeye kaiweka mwisho, Rosi kaiweka mwanzo. Mimi nampenda zaidi Rosi, sitaficha, Kramer anahubiri mno na kamera yake inapenda kuzungukazunguka watu wakiongea. Ila Maximilian Schell, yule wakili wa utetezi, tuzo yake ya Oscar aliistahili, tena kwa kumshinda Tracy kwenye filamu hiyohiyo.

(Kituko kidogo. Kabla ya filamu hiyo hadithi ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1959, mdhamini akiwa umoja wa makampuni ya gesi. Kila mhusika alipotaja gesi iliyoulia watu makambini, sauti ilikatwa. Watu wanaangalia midomo inacheza, kimya. Kesi ya Wanazi imedhibitiwa na tangazo la majiko.)

Umeuliza ukweli kiasi gani. Tarehe, mahali, mpangilio wa matukio makubwa, ya Rosi unaweza kuiamini sana kwa picha ya kuigiza, ya Kramer ichukue kama hadithi iliyosimama juu ya mambo ya kweli, Ernst Janning wa Burt Lancaster kwa mfano hayupo, kuna tu watu wanaofanana naye kidogo, na yeye anakiri makosa kizimbani kwa namna ambayo wenzake wa kweli hawakukiri. Na usidhani filamu za Rosi zilikuwa mchezo. Baadaye, akiwa anaandaa nyingine kuhusu kifo cha Enrico Mattei, bosi wa mafuta wa Italia, alimwomba mwandishi wa Palermo, Mauro De Mauro, amfuatilie siku za mwisho za Mattei kisiwani. Tarehe 16 Septemba 1970 De Mauro alitekwa nje ya nyumba yake na hajaonekana mpaka leo. Upande wa serikali, Desemba 1962, miezi michache baada ya Salvatore Giuliano kuingia sinema, bunge la Italia lilipitisha sheria ya kuunda tume ya kuchunguza mafia. Wengi wanaipa filamu sifa kwa hilo. Mi nasema ilisaidia, lakini Juni mwaka uliofuata gari la mabomu la Ciaculli liliua askari na wanajeshi saba, na ndo hapo tume ikaanza kazi kweli.

Ukirudia kuiangalia fanya hivi, chukua karatasi andika mwaka kila picha inaporuka, 1950, 1945, 1947, kesi, usijali sana majina, na kila akitokea mtu aliyevaa suti jiulize kaja kumwona nani na kaondoka na nini. Utaona inajipanga yenyewe. Halafu subiri mpaka mwisho kabisa, sokoni, mwaka 1960, yule mtu anayepigwa risasi katikati ya watu. Huyo ni mtu wa mafia aliyekuwa anapitisha mambo kati ya majambazi na askari. Angalia anavyoanguka, kifudifudi, mikono ilivyo, halafu rudisha dakika ya kwanza uani Castelvetrano ulinganishe. Kama bado hujanielewa niandikie tena.